Pikipiki Iliyosikika Uru

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika hata spana. Fundi Mkuu wa karakana moja ya Majengo, Moshi, mzee wa mjini ambaye kofia yake nyeupe haikuwahi kupata doa la grisi, aliniketisha juu ya tairi bovu akasema, "Leo kazi yako ni masikio. Pikipiki ikiingia, niambie inaumwa nini kabla mwenyewe hajaizima." Hadi adhuhuri nilikuwa nimekosea moja tu. Wengi waliokaa kwenye tairi lile kabla yangu walirudi kwao kulima.

Fundi Mkuu alikuwa na sheria moja. Chochote unachotoa kwenye chombo cha mtu, kifunge waya, kiandike jina, kitundike ukutani. "Binadamu hubadili nia, kijana. Chuma hakibadiliki," alikuwa akisema.

Diploma yangu ya ufundi mitambo niliipata kwa jasho langu mwenyewe. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Ndiyo iliyonipeleka Dar es Salaam, kwenye karakana ya kampuni kubwa, chini ya Meneja wa Karakana aliyekuwa mkali kama pilipili. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba ukiifungulia injini njia ya kutolea pumzi, lazima uiongezee chakula. Maana yake, ukishalegeza ekzosi, badilisha na jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu kinachopitisha petroli ndani ya kabureta. Usipofanya hivyo, plagi inageuka nyeupe na injini inaungua taratibu. Niliporudi Moshi kufungua karakana yangu, waliojua kutoboa ekzosi walikuwa wengi. Aliyejua kuilisha injini baada ya hapo nilikuwa mimi.

Ndipo alipokuja Aloisi wa Uru, kule juu mlimani, kijana aliyetembeza wageni milimani. Alikuwa amenunua pikipiki kubwa ya safari, ya silinda mbili, iliyotoka kiwandani na upole wake wote. Nyuma alikuwa amempakia mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hiki chombo cha mwanangu kinanong'ona. Nyumba yetu iko ndani kabisa ya kihamba, shamba letu la ukoo, migomba imeificha barabara, na masikio yangu yamezeeka. Anafika mlangoni kama mwizi, mimi hata chakula sijapakua."

Aloisi alicheka. "Wenzangu wanagombezwa na mama zao kwa makelele. Wa kwangu ananileta niongezewe. Ila fundi, hela ya ekzosi mpya sina."

Haikuhitajika mpya. Nilikata sailensa kwa nyuma, nikachomoa bomba la ndani lenye vitundu, lile linaloivunjavunja sauti. Mahali pake nikachomelea kipande cha bomba nyoofu kutoka kwenye vyuma chakavu, nikakizungushia sufi ya chuma ili ingurume kwa kifua, isilie kama debe. Jeti niliitoa kwenye kabureta ya pikipiki iliyokufa. Bomba la zamani na jeti yake nikavifunga waya, nikaandika ALOISI, nikatundika.

Jumapili iliyofuata alipita kunishukuru. "Mama ananisikia tangu darajani, fundi. Nikifika, mtori wa ndizi uko mezani."

Mwaka uliofuata Aloisi aliugua, hakuinuka tena. Tulimzika kihambani, nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Pikipiki ilinunuliwa na mfanyabiashara wa mbao aliyejenga juu zaidi kwenye barabara ileile ya Uru.

Haukupita muda, akaja Restituta, dada yake Aloisi. "Fundi, kila jioni ile pikipiki ikipita, mama anainuka anapakua. Anaweka sahani ya Aloisi mezani. Sisi tunabaki kutazamana. Tusaidie, tunaogopa atapoteza akili."

Nilimfuata mfanyabiashara. Alikataa, akiniita kwa heshima ya Kichagga. "Mangi, mimi nilinunua ule mngurumo. Pikipiki ilikuja nao tu."

"Na mimi ndiye niliyeutengeneza," nilimwambia. Kisha nikamweleza habari ya sahani. Akatoa ufunguo mfukoni, akanipa.

Nilitungua bomba la Aloisi ukutani, nikalirudisha pamoja na jeti yake. Ikanong'ona kama siku iliyotoka dukani. Niliona nimefanya kazi ya mtu mwenye diploma na moyo, na niliwaambia watu hivyo.

Siku chache baadaye mama alishuka mjini peke yake na fimbo yake. Tuliamkiana, akaketi.

"Pikipiki ya Aloisi imekufa?"

"Hapana, mama. Tumeinyamazisha. Tuliona inakuumiza."

"Mwanangu nilimzika nikitazama. Mlidhani nimesahau? Ilikuwa ikipita, napakua yake, napakua yangu, nakula. Sasa jioni inafika na kuondoka, hakuna kinachoniinua."

Nilimwambia nitairudisha sauti kesho yake. Lakini nilipofika kwa mfanyabiashara, kibanda cha kuwekea pikipiki kilikuwa kitupu. Pikipiki isiyonguruma haikumfaa. Alikuwa ameshamuuzia mtu wa mji wa Mkuu, kule Rombo, na huyo alikuwa ameivusha mpaka kwenda Kenya. Niliulizia Rombo nzima, nikarudi mikono mitupu.

Nikachukua pikipiki yangu mwenyewe, ya silinda moja. Nilikata, nikachomelea, nikabadilisha jeti, nikaongeza sufi na kuipunguza. Yote niliyofundishwa na Fundi Mkuu, na Meneja, na chuo, niliyamalizia kwenye bomba lile. Jioni moja nikapanda nayo Uru. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Hii siyo," alisema.

"Najua, mama. Silinda moja haiwezi kuzungumza kama mbili."

"Basi izime, uingie. Nimeshapakua."

Sasa nimestaafu. Karakana wanaiendesha wengine, na diploma yangu iko sebuleni ndani ya kioo chake. Sijaona Moshi hii fundi wa ekzosi aliyenizidi, na sauti moja iliyotakiwa kwangu kuliko zote sikuweza kuirudisha. Jioni nikiwa na nguvu napanda Uru, na nikifika darajani naongeza mafuta kidogo ili ingurume. Mama hutoka mlangoni, husikiliza mpaka nizime, husema siyo yenyewe, kisha hunipisha niingie.