Bi Herufi na Mstari Uliogoma

Bi Herufi alikuwa amepiga chapa miaka thelathini na mmoja. Wateja walimbandika jina hilo kwa sababu hakuiacha herufi iliyopotea njia ipite salama. Ofisi yake ilikuwa na meza mbili, printa yenye kikohozi, na kompyuta ambayo shemeji yake, fundi, aliiwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta.

"Shemeji, hii haina bei, haina virusi, haina matatizo," alimwambia. Mawili ya kwanza yalikuwa kweli.

Asubuhi moja mkunga alimletea barua ya kuomba kazi. Mwisho wa kupokelewa ulikuwa saa sita mchana. Bi Herufi ndiyo kwanza yuko kwenye "Yah:", kidirisha kikamrukia katikati ya skrini: masasisho mia mbili na kumi na manne yako tayari. Chini yake kulikuwa na majina ambayo hata mama zao wasingeyatambua, na mbele ya kila moja: "Hakuna maelezo." Vitufe vilikuwa viwili, "Sasisha sasa" na "Nikumbushe baada ya dakika tano." Alikumbushwa mara tatu. Ya nne akasalimu amri.

Kikataka nywila. Akaipa. Kikaitaka tena, kama mlinzi anayemuuliza mwenye nyumba amekuja kwa nani. Kisha kikaifunga programu ya kuandikia, na mstari wa kijani ukatambaa hadi asilimia sitini na tatu, ukakaa kitako. "Tafadhali subiri," kiliandika. Adabu tele, msaada hamna.

Dakika arobaini zikapita.

"Mama, kazini kwangu huwa nawaambia wasukume," alisema mkunga. "Hapa tunasukuma wapi?"

Bi Herufi akampigia shemeji.

"Kuna kishale chini kushoto. Umekiona?"

"Nilidhani nzi kachafua skrini."

"Kibonyeze."

Nyuma yake palikuwa na swali: faili la mipangilio limebadilika, Y, N, D au Z?

"Kumbe muda wote kinaniuliza, huku kimejifungia chumbani!"

"Bonyeza N."

"N ndiyo nini?"

"Kukataa."

"Nakataa nini?"

"Hata mimi sijui, shemeji. Mimi huwa nakataa tu."

Barua ilitoka saa sita kasorobo. Mkunga alitoka mbio, akawahi.

Bi Herufi hakuridhika. Aliwaandikia watengenezaji wa kidirisha kile, bila kosa hata moja. Wakajibu: "Si hitilafu. Mtumiaji afungue kishale."

Akawaalika watazame kwa video anavyosasisha kompyuta ya shemeji, ambayo ilikuwa bado, na mmoja akakubali, labda kwa aibu. Mstari ulipogoma, Bi Herufi akauliza, "Haya baba, kishale kiko wapi?"

"Nipe dakika moja, mama."

Zikawa nne.

Toleo lililofuata liliuliza waziwazi, mbele ya macho ya watu: "Unataka kubakiza mipangilio yako?" Shemeji sasa huwasimulia wateja wake kwamba wazo lile lilikuwa lake.