Duara Lililozidi Mraba Wake

Nilirudi Uvira kutoka chuo cha ualimu nikiamini kwamba taifa changa litajengwa kwa hesabu. Waasi walikuwa wameuhama mji, na ubao wa darasa letu walikuwa wameufanya kuni za kupikia. Kwa hiyo niliwapeleka wanafunzi ufukweni, chini ya mtaa wa Rugenge, nikachora mchangani mraba wa mita nne kila upande. Ndani yake, kwa kigingi na kamba ya wavu, nikazungusha duara lililogusa pande zote.

Wanajeshi wa doria wakasimama mbali. Waasi walizoea kunyunyiziwa maji ya dawa ili risasi isiwapate, na dawa hiyo ilikuwa na miiko; duara langu wakalidhani ni dawa ya namna hiyo. Sajini akaniamuru nilikanyage duara. Nikamjibu kwa heshima kwamba halikanyagwi kabla wanafunzi hawajamaliza kupima eneo lake. Kwao huo ulikuwa mwiko hasa; bunduki zikainuka.

Nilipoona naelekea gerezani, nikatoa hotuba. Dawa, nilieleza, humtegemea mganga. Hesabu haina mwenyewe, na kila aifanyaye hupata jibu lilelile.

Sajini akaipenda hoja hiyo kuliko nilivyotaka. "Basi kila mutoto afanye peke yake," akasema. "Majibu ikiachana, mwalimu tunaenda naye."

Wanafunzi wale hawakuwa wamewahi kukubaliana juu ya jibu lolote. Wakachuchumaa wakipeana migongo, wakaandika mchangani kwa vidole. Sajini akapita akisoma: hamsini na kitu. Hamsini na kitu. Hadi wa mwisho, hamsini na kitu.

"Jibu iko moja," akasema, akitundika bunduki begani. "Hii iko masomo kweli. Endelea."

Nilikuwa huru. Lakini wote walikuwa wamesahau kugawa kipenyo kwa mbili. Mraba wetu ulikuwa na eneo la mita za mraba kumi na sita tu, na duara lililokaa ndani yake sasa lilikuwa na hamsini, muujiza ambao mganga yeyote angejivunia. Chuoni tulikuwa tumeahidi kutoliacha kosa mbele ya mtoto. Nikamwita sajini arudi.

"Shefu, wamekosa wote."

Akarudi. "Mwalimu, weye iko unatafuta gereza?"

Nikamweleza kosa lilipo. Akautazama mraba, akalitazama duara, kisha akaketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa.

"Mufanye tena," akawaambia watoto. "Na mwalimu anyamaze."

Likapatikana jibu, kumi na mbili na nusu na kitu, kwa wote. Sajini akainuka, akaondoka na watu wake. Duara wakalipitia kando, kwa mbali.