Baba Mdogo Hakuwa na Mimba

Nilikwenda kwenye chumba cha nyaraka cha chuo kimoja hapa Dodoma kutafuta historia ya Haneti, kijiji chetu, niwafundishie wanafunzi wangu wa sekondari. Nikaletewa jalada jembamba la kaki. Ukurasa wa kwanza, penye nafasi ya msimulizi, palikuwa na jina la baba yangu mdogo, aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Nikaanza kusoma, na sikufika mbali kabla sijarudi mwanzo kuliangalia tena jina lile.

Maneno yale yalikuwa ya mama.

Niliyajua kwa kuwa mimi ndiye niliyeyatafsiri. Nilikuwa kidato cha pili, nipo nyumbani likizo, mtafiti mmoja alipokuja na kinasa sauti. Kigogo, lugha yetu, hakukijua. Mama alikuwa anapepeta mtama, akasimulia bila kuweka ungo chini: mwaka wa njaa, jinsi yeye na wanawake wenzake walivyochimba mchanga wa korongo mpaka maji yakatoka, na walivyopangiana zamu ili ng'ombe wa wakubwa wasiwatangulie watoto. Baba mdogo hakuwepo. Alikuja jioni, akagonga muhuri wa kijiji kwenye karatasi za mtafiti, akatia jina na sahihi yake, akaondoka. Nilimwona, nikanyamaza, kwa sababu alikuwa mkubwa.

Ukurasa wa nne baba mdogo anasema, "Wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi saba, lakini nilichimba."

Nikampelekea mtunza nyaraka, mama wa makamo mwenye miwani.

"Hebu soma hapa."

Akasoma, akacheka. "Huyu mzee alikuwa na mimba?"

"Ndicho ninachouliza. Miaka yote hii hakuna aliyefika ukurasa wa nne?"

Kicheko kikamkauka. "Mwalimu, kazi yetu ni kutunza. Jalada likishapokelewa halibadilishwi."

"Hata likiwa la uongo?"

Akanionyesha daftari la wasomaji. Sahihi zilijaa ukurasa mzima, za wahadhiri na wanafunzi. "Wote hawa wamelitumia," alisema, "na hakuna aliyelalamika." Alidhani ananituliza. Nilitoka bila kuaga, nisije nikamtukana.

Jumamosi nilikwenda Haneti kumwambia mama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Walikuja kuniuliza mimi," alisema. "Kama walimtaka yeye, wangemfuata kilabuni kwenye pombe. Nipeleke huko chuoni."

Jumatatu tulikuwa mbele ya meza ileile. Mtunza nyaraka akamwamkia mama shikamoo kwa heshima zote, kisha akasema maelezo yake yanaweza kuambatishwa, ila aje na barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Mwanangu," mama alisema, "nimetoka Haneti na miguu yangu mibovu kukwambia kwamba mimi ni mimi. Unataka mwanaume gani tena aje kunithibitisha?"

Mtunza nyaraka alivua miwani. Akachukua karatasi, akaandika kila alichosema mama, akamwekea kidau cha wino. Mama akabandika dole gumba, akalikandamiza kwa nguvu kana kwamba anaua mdudu.

Karatasi ile sasa imo ndani ya jalada, mwishoni kabisa. Lakini kwenye kompyuta, ukitafuta historia ya Haneti, bado linatokea jina la baba mdogo. Kulibadilisha kunahitaji kikao cha kamati. Napiga simu kila mwezi, najibiwa kamati haijakaa. Mama huniuliza wamesemaje. Naona aibu kumjibu.