Neno la Kizungu Walilomwita Baba

Nilipokuwa darasa la sita, kijiji chetu kizima cha Kipungani kilinukia miyaa iliyochemshwa kwa rangi. Mama yangu, Bi Amina, aliisuka kuwa mikeka uani, kuku wakichakura karibu na miguu yake. Nyumba ile ilikuwa yake. Babake alimpa alipoolewa, kama ilivyo desturi kwetu. Baba ndiye aliyehamia, na hakuamua jambo bila kumuuliza mkewe.

Mwaka huo mwalimu wetu wa Kiingereza, kijana wa bara, alitufundisha neno "henpecked", yaani mume anayetawaliwa na mkewe. Alisema limetokana na kuku: mtetea humdonoa jogoo manyoya, naye jogoo huinama tu. Darasa zima likanigeukia. Kufikia jioni neno lilishafika barazani, na watu wasiojua hata salamu ya Kiingereza wakawa wanamwita baba hivyo. Nilikaa uani nikimtazama jogoo wetu, nikaona aibu.

Ijumaa moja, baada ya sala, ami yangu, nduguye baba, alikuja na mtu aliyetaka kununua nyumba yetu na kiwanja chake ajenge hoteli. Wanaume wakajaa barazani. Ami akamwambia baba kwamba mwanamume ndiye mwenye kauli, akubali mambo yaishe. Baba alijibu kwa upole.

"Nyumba ni ya Bi Amina. Mimi nilikaribishwa tu, na nimekaribishwa vizuri."

Wakacheka, na ami akalitamka lile neno. Baba akangoja wamalize kucheka, kisha akamwita mama. Mama akatoka na buibui lake, akamsikiliza mgeni mpaka mwisho, akauliza kama wanawake wataendelea kupita kiwanjani kwenda kukata miyaa. Mgeni akasema patawekwa ukuta.

"Basi siuzi," akasema mama, akarudi kwenye mkeka wake. Baba akawamiminia kahawa wote, hata ami. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikichungulia. Sikuwa nimewahi kuona mtu asiyeogopa kuchekwa.

Leo viwanja vya jirani vimezungushiwa kuta, na wanawake wote hupita kwetu. Mimi naishi Amu mjini, katika nyumba niliyopewa na wazazi wangu. Mume wangu ni mtu mwema, na huniuliza mambo mengi tukiwa wawili. Mbele ya baraza iliyojaa watu, sijui angesema nini. Sijapata ujasiri wa kumjaribu.