Skrubu Sita za Fundi Chuma

Jina alilopewa na babake lilikuwa limeshasahaulika. Hata mkewe alilikumbuka siku za kujaza fomu tu. Mtaa mzima ulimwita Chuma, na jina hilo fundi viatu huyu alilipata kwa kuanguka. Miaka sita nyuma alipanda stuli kutundika kibao chake kipya, KAZI IMARA. Stuli ikavunjika, na kifundo chake cha mguu wa kulia kikasagika. Madaktari walihangaika nacho, mwisho wakaamua kukiunganisha kiwe mfupa mmoja usiokunjika, wakaubana kwa bamba na skrubu sita. Mtu mwingine angelia. Yeye alirudi nyumbani na picha ya eksirei mkononi kama mtu aliyefuzu chuo kikuu, akaitundika kibandani chini ya kibao.

Baada ya hapo akawa mtabiri. Jumanne moja mguu ulimuuma, Jumatano ikanyesha. Basi, ikatosha. Watu wameamini makubwa kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Aliyeamini kupita wote ni dobi wa jirani, rafiki wa mkewe. Kila asubuhi alipita na beseni la shuka.

"Shemeji, mguu unasemaje?"

Chuma aliweka nyundo chini, akafumba macho, akakipapasa kifundo. "Unanung'unika. Shuka nzito usianike."

Jua likiwaka siku nzima, dobi alisema mvua imenyesha kwingine. Siku alizokosea hakuna aliyezihesabu; alizopatia zilisimuliwa mpaka msibani.

Sasa ukweli wenyewe ni huu. Skrubu moja ilikuwa imelegea, kichwa chake kikaanza kusukuma ngozi kwa ndani. Mguu uliuma mvua na jua, ukiuma zaidi kila alipovaa kiatu. Chuma alijua fika. Alifanya nini? Alikitoboa kiatu. Tundu dogo kwanza, akalizungushia sponji. Baadaye tundu kubwa. Baadaye kiatu chenyewe kikabaki tundu lenye kamba. Hospitali hakwenda, maana alijiuliza: vyuma vikitoka, mimi nitabaki nani? Fundi viatu mwenye mguu mkavu usiokunjika, basi, na wa namna hiyo wamejaa tele.

Mkewe, mwanamke asiyejua kubembeleza, alivumilia mpaka siku alipomkuta anakitoboa kiatu cha tatu, kile cha kwendea harusini.

"Baba watoto, mteja akikuletea kiatu chenye msumari uliotokeza ndani, unamfanyaje?"

"Naung'oa msumari."

"Humkati mguu?"

"Mke wangu, usinichezee."

"Basi vaa hilo tundu lako, twende hospitali."

Daktari wa mifupa alikuwa binti mdogo, jambo ambalo Chuma alilipokea kama tusi. Aliiweka eksirei mpya kwenye mwanga, akaonyesha kwa kalamu. "Mifupa imeshaungana, mzee, tena vizuri. Vyuma vimemaliza kazi, na hiki kimoja kinataka kutoka chenyewe. Tuvitoe."

"Na mguu ukibanduka?" Chuma alikohoa kifundi. "Daktari, soli iliyogongwa misumari, ukiing'oa, soli inaachia."

"Soli ukiipaka gundi, kwa nini unaigonga misumari?"

"Iishikilie, gundi ikauke."

"Na gundi ikishakauka?"

Mkewe akadakia, "Mgeni siku ya tatu mpe jembe. Hawa miaka sita wanakaa tu!"

Siku ya upasuaji alichomwa sindano ya mgongo. Kuanzia kiunoni akawa hana habari, ila mdomo, kwa bahati mbaya ya chumba kizima, haukupata ganzi. Kitambaa kilisimamishwa kifuani asione. Akawa anasikia. Skrubu ya kwanza, kling, kwenye trei. Ya pili. Zikafika tano, kisha kimya.

"Hii kichwa kimelika," daktari akamnong'oneza nesi. "Bisibisi haishiki."

"Usilazimishe!" sauti ilitoka nyuma ya kitambaa. "Ukilazimisha utakimaliza. Kaza kidogo kwanza, ndipo ulegeze!"

"Mzee, wewe ni mgonjwa. Tulia."

"Nimetulia. Nakuambia kaza."

Kitu kikasaga, kikasita, kikasaga tena. Kling. Nesi anaapa daktari alikuwa ameshalifikiria hilo mwenyewe. Na nesi aape, kazi yake.

Alirudi nyumbani kwa magongo, bamba na skrubu zake sita ndani ya kichupa alichokiomba kama urithi. Onyo lilikuwa moja: matundu ya mfupa yanahitaji muda kuziba, asirukeruke wala asipande kitu.

"Hasa stuli," mkewe alimsaidia daktari.

Wiki chache baadaye alifungua kibanda. Kichupa akakiweka mezani, kando ya gundi. Mguu ulikuwa kimya. Miaka sita hakuwahi kuusikia ukiwa kimya, na raha ile ilimtisha. Dobi akatokea na beseni.

"Shemeji! Karibu tena. Mguu unasemaje?"

Chuma alikishika kifundo kwa mazoea, akakiachia. "Hausemi kitu, dada. Nikwambie kweli, ulikuwa unauma kila siku. Mvua nilikuwa nakisia."

Akainamisha kichwa, akingoja matusi ya miaka sita ya shuka zilizolowa. Dobi alimtazama kwa huruma.

"Nyamaza, usijitukane. Ni dawa za hospitali hizo." Akakinyakua kichupa, akakitikisa sikioni. "Unasikia? Zinalia. Leo sianiki."

"Dada, hata njugu ukizitikisa zinalia!"

"Shemeji, wewe ni fundi viatu. Mambo ya mvua utayajulia wapi?"

Jua liliwaka siku hiyo mpaka lami ikalainika. Kesho yake dobi akarudi, pamoja na muuza mkaa na mwanamke mwenye mahindi ya kuanika. Walikitikisa kichupa wakipokezana, wakabishana, wakaondoka. Aliyemsalimia Chuma ni mmoja, naye kwa kuwa alimkanyagia gongo.

Alikereka, tusiseme uongo. Miaka sita alidhani yeye ndiye nabii, kumbe alikuwa chupa.

Magongo alipoyarudisha, alikichukua kile kiatu chake cha harusini. Akang'oa sponji, akakata kipande cha ngozi, akaliziba tundu kwa mshono wa mara mbili, mshono ambao wateja huuomba na hawaupati. Akakivaa, akasimama. Akatembea mpaka kona na kurudi, mguu mkavu lakini mnyamavu, wala hakuna aliyemtazama.

Pale konani akainua macho. Mawingu yalikuwa yanajikusanya, meusi kama masizi. Akarudi, akaanza kuingiza viatu vya wateja ndani. Ng'ambo ya barabara, dobi alikuwa ameanika uwanja mzima.

"Dada, anua!"

"Nimeshakitikisa kichupa asubuhi, kimekataa mvua! Wewe umeambiwa na nani?"

"Na macho!"

Dobi akacheka mpaka akashika kiuno. Alikuwa bado anacheka tone la kwanza lilipompiga puani.