Siku Niliyomtania Asiye Mtani Wangu

Jamani, hili nalisimulia huku nimeinamisha uso, maana mpaka leo nikipita ule mtaa wa nyuma ya soko la Kariakoo palipokuwa na ukumbi wa dansi, nahamia upande wa pili wa barabara, na ukumbi wenyewe ulishavunjwa zamani.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa fundi wa kupanga herufi kwa Bwana Jayanti, Mhindi mpole mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, aliyekuwa akifukiza udi asubuhi mbele ya picha za miungu yake ndipo atusalimie. Kazi ya uhakika kabisa: unaokota herufi za risasi moja moja, unazipanga kinyumenyume, jioni unarudi nyumbani na vidole vyeusi na heshima tele (hata wakwe zangu waliniita fundi, na wakwe zangu hawakuwa watu wa kusifia). Nilikaa pale miaka saba, sikuwahi kulala njaa.

Ila nilikuwa na ugonjwa wa kuchekesha. Mimi Mnyamwezi wa Tabora, na Wazaramo, wenye mji wao, ni watani zetu tangu mababu, kwa hiyo msiba wa Mzaramo, uwe Gerezani uwe Ilala, mimi sikosi. Nitamsema marehemu alivyokuwa mlafi, nitatangulia kaburini nilale, nigome kutoka mpaka niahidiwe kuku, na wafiwa watacheka huku machozi yanawatiririka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Bi Tausi, Mzaramo muuza vitumbua wa pembeni ya kiwanda chetu, ambaye siku moja tukitoka mazikoni akaniambia, "Wewe Mnyamwezi, mdomo huo ungekuwa na akili ungekulisha." Yeye alikuwa anatania. Mimi nikasikia ushauri.

Basi nikaacha kazi.

"Naenda kuchekesha watu ukumbini, bwana," nilimwambia Bwana Jayanti. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mrisho, mimi umenichekesha miaka saba," akasema, "na kazi ilikuwa inaendelea." Nikamkabidhi aproni yangu. Hata hivyo alinipa karatasi bure kama zawadi ya kuagana, nami nikajichapia matangazo kwa herufi kubwa kuliko zote kiwandani, zile tulizozoea kutumia kwa misiba ya wakubwa: MRISHO, BINGWA WA VICHEKESHO, JUMAPILI ALASIRI. Nikayabandika Kariakoo nzima mpaka Kivukoni (mlango wa choo cha sokoni nao haukusalimika).

Jumapili ukumbi ukajaa. Mstari wa mbele alikaa Mzee Eliakimu, Mchaga muuza maharage kwa jumla pale sokoni, na familia yake yote, wametoka kanisani moja kwa moja, na pembeni yake mwanamke amevaa nguo nyeusi. Mzee alikuwa na suti nzuri, lakini mikono imemfika vidoleni. Nami nikafanya kile nilichokijua, nikamnyooshea kidole nikasema, "Mzee, suti hiyo umemvua maiti gani?"

Mbele ya Wazaramo hapo watu wangegaragara. Pale akakohoa mmoja. Mtu mwenye akili angehamia kwenye habari za mbu wa Jangwani, lakini mimi nikaona hawajanielewa, nikaamua kuwafafanulia, nikalala chali jukwaani, nikafumba macho, nikaanza kulia kwa sauti nzito, "Eliakimu, nirudishie suti yangu, huku nilipo baridi!" Nikasikia mwanamke anapiga ukelele. Kwa kuwa nilikuwa nimefumba macho, nikadhani ndivyo Wachaga wanavyocheka, nikaongeza, "Na viatu pia!"

Nilipofumbua macho nilikuwa nimezungukwa na vijana wanne wamekunja mashati. "Suti ya kaka yake hiyo," mmoja akaniambia. "Tumemzika mwezi uliopita. Na mjane wake ndiye huyo analia."

Nilitamani ule usanii wangu wa kaburini uwe kweli. Kumbe miaka yote ile nilikuwa nachekesha watu waliokatazwa na mila kunikasirikia! Hapo ndipo nilipomsikia Bi Tausi anapenya katikati ya watu kutoka nyuma, kanga kiunoni. "Msimguse! Maiti huyo wangu!" Akapanda jukwaani, akanishika mguu, akaanza kuniburuta. "Mnyamwezi huyu mtani wangu, makosa yake nayabeba mimi. Babu zake walibeba mizigo kutoka Tabora mpaka pwani, leo mzigo ni yeye, na mzito kama nini, hana hata bei!" Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, cha kwanza siku ile na hakikuwa changu. Hata wale vijana wakashusha mikono.

Akaniburuta mpaka miguuni pa mjane, akanipigisha magoti, na yeye mwenyewe akapiga magoti pamoja nami (mama wa makamo yale, na magoti yake mabovu). Tukaomba radhi wote wawili.

"Sisi tunataniana na Wapare," Mzee Eliakimu akasema taratibu. "Ninyi hatuna desturi hiyo nanyi."

Mjane akafuta macho, akaitazama mikono ya suti. "Shemeji, nilikwambia uipunguze," akasema. Hayo tu, tukaruhusiwa kwenda.

Asubuhi yake nilinunua vitumbua kwa Bi Tausi, akanifungia kwenye karatasi iliyoandikwa BINGWA WA VICHEKESHO. "Kula jina lako," akasema, kisha akanisukuma kuelekea mlango wa kiwanda. Aproni niliyoikabidhi ilikuwa imetundikwa tena kwenye msumari wake. Bwana Jayanti alinisogezea kasha la herufi akasema kuna kadi za harusi zinasubiri, nami nikainama juu ya herufi zile ili asinione ninavyolia.

Tangu siku ile sijamtania mtu kabla ya kumuuliza kabila lake. Na sikuacha kazi tena.

Bi Tausi alipofariki, nilitangulia kaburini kama ilivyo haki yangu, nikalala, nikasema sitoki mpaka niahidiwe kuku. Watu wakacheka, wakaniahidi kuku. Sikutoka. Wakaniahidi wawili, wakacheka zaidi, wakidhani bado natania.