Wageni wa Nyasi

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, siku ya Jumamosi, wanaume watatu waliovikwa nyasi kuanzia utosini hadi magotini walitokea nyuma ya ghala la ulezi la baba mkwe wangu wakaingia uwanjani. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimeitazama mara nyingi tangu saa nane. Harusi ilikuwa yangu. Katika watu wote waliokuwapo, ni mimi peke yangu niliyejua kwamba wageni wale watakuja.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka michache baada ya vita ya pili. Nilikuwa karani wa mahudhurio katika kambi ya barabara, upande wa Laela. Niliandika nani amekuja kazini, nani hakuja, na nani amechukua sululu au beleshi na hakulirudisha. Shuleni nilikaa miaka minne tu. Mengine niliyapata kwa kusoma kila kilichoandikwa, hata karatasi zilizofungia sukari dukani, na kwa kuweka daftari ambalo nililijaza kila jioni. Nilijivunia sana daftari hilo. Niliamini kwamba mtu anayeandika mambo yake kwa utaratibu hawezi kukosea sana.

Mkuu wa kambi alikuwa Mzungu mnene, mwekundu, mwenye sauti kubwa. Watu walimwita Mwingereza, na yeye alichukia.

"Karani, mimi hapana Mwingereza," aliniambia kwa Kiswahili cha kambini. "Mimi mtu ya Ayalandi. Mwingereza alitawala sisi kwanza, bado nyinyi. Nyinyi wageni tu kwa taabu hii."

Alikuwa bwana mwenye utu kuliko wengi niliowafanyia kazi. Hakumpiga mtu. Mwezi mmoja kabla ya harusi nilikwenda kumwomba ruhusa ya siku tatu. Alifurahi kana kwamba anayeoa ni mdogo wake. Alinikalisha kwenye kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanieleza habari ya watu wa majani.

Kwao vijijini, alisema, harusi inapokuwa imepamba moto, huingia wanaume wasioalikwa. Wamevaa majani makavu mwili mzima na kofia ndefu za majani zinazofunika uso. Hawasemi neno. Mkubwa wao hucheza na bibi harusi, wenzake hucheza na wanawake wengine, wanapewa kinywaji, wanaondoka. Wanaleta afya na watoto. Lakini lipo sharti: asiwepo mtu wa kutaja ni nani. Hata ukimjua jirani yako kwa viatu vyake, unasema humjui. Ukitaja, baraka imeharibika.

"Dada yangu aliolewa siku ya mvua," alisema. "Watu ya majani hapana kuja. Mwaka moja tu, yeye kufa, mtoto kufa." Alivuta kiti chake karibu na changu. "Mimi taleta kwako. Mimi na rafiki mbili. Wewe nyamaza tu. Lakini sema kweli, karani. Kwa kabila yako, iko ubaya?"

Nitaeleza sasa kile ambacho sikumweleza yeye. Mwaka ule kulikuwa na hofu ya mumiani Ufipa nzima, kutoka bondeni Rukwa hadi mpakani. Ilisemekana kwamba wapo watu wanaotumwa na Wazungu kukamata wapita njia na kuwatoa damu, ikatengenezwe dawa. Walisema mumiani hufunika nyuso, hawasemi, na kwamba maskani yao ni kwenye kambi: za barabara, za kuua nzige, za wapima ardhi. Walisema pia kwamba mumiani hawezi kumpata mtu bila mwenyeji wa kumwelekeza, Mwafrika anayekula mshahara wao. Habari hizi zote nilikuwa nimeziandika katika daftari langu, chini ya kichwa "Uvumi", kila habari na kijiji ilikosemwa.

Kwa hiyo jibu nililijua. Lakini mezani, chini ya jiwe alilolitumia kuzuia karatasi zisipeperuke, ilikuwepo barua ya kunipendekeza niwe karani wa stoo Sumbawanga. Haikuwa imetiwa sahihi. Stoo ilikuwa na mshahara wa maana na nyumba ya vyumba viwili yenye bati. Baba mkwe alikuwa ameniambia wazi: "Binti yangu hatalala chini ya turubai kambini na wanaume arobaini." Nilihitaji barua ile.

"Hakuna ubaya, bwana," nilisema.

Alinituma nikamtafutie mtu wa kusuka majani. Nilisema nitasuka mwenyewe. Baba yangu alinifundisha kusuka vikapu na mifuniko ya ghala, na mkono wangu ulikuwa na alama yake: ukingo niliukunja mara mbili na kuurudisha ndani, kwa sababu ukingo wa mkunjo mmoja hufumuka. Nilikata nyasi za kuezekea, nikaziloweka, nikasuka kofia tatu na mavazi matatu kwa jioni tisa. Vibarua walinikuta mara moja nyuma ya hema.

"Karani, unaezeka nyumba au unajiezeka mwenyewe?"

"Mwache, anaoa huyu. Anaogopa mvua ya kwa wakwe."

"Mvua gani? Anamwogopa shangazi wa bibi harusi! Yule akikohoa, greda linazimika."

Nilicheka nao. Niliendelea kusuka.

Asubuhi ya siku yenyewe tulifunga ndoa misheni, kwa padre, tukatia sahihi kitabuni. Halafu tukaenda kwa wazazi wake, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, kwa ajili ya ngoma na chakula, nami jioni nikabidhiwe mke. Mke wangu alivaa gauni jeupe la kitambaa nilichokinunua mwenyewe. Pombe ya ulezi ilikuwa tele. Shangazi yake, mwanamke mrefu asiyeficha neno, alinivuta uwanjani nicheze.

"Tazameni jamani! Bwana harusi wetu anacheza kama anahesabu sululu!"

"Moja, mbili, ya tatu imeibwa!" mwingine akaitikia, na uwanja mzima ukacheka. Mke wangu naye alicheka, kiganja mdomoni. Ile ndiyo saa nzuri niliyoipata naye, na haikufika hata saa.

Walipoingia watatu wale, ngoma haikukatika mara moja. Wapigaji waliokaa mbele waliendelea kidogo, wa nyuma walikuwa wameshainuka. Lori walikuwa wameliacha ng'ambo ya kilima ili lisisikike, kama sharti lilivyotaka. Mmoja alikuwa anapuliza kinanda cha mdomo ndani ya nyasi, sauti nyembamba isiyojulikana inatoka wapi. Aliyetangulia, mnene, alikwenda moja kwa moja kwa mke wangu, akamshika mkono, akaweka kitu kiganjani mwake na kuanza kurukaruka.

Mwanamke mmoja alipiga kelele: "Mumiani!" Watu walikimbia kama maji yaliyomwagika, wengine mashambani, wengine ndani. Mama mkwe alianguka mlangoni. Mke wangu hakukimbia wala hakupiga kelele. Alisimama, mkono wake ukiwa ndani ya ule mkono wa nyasi, akanitazama.

Baba mkwe alitoka nyuma ya nyumba na mpini wa jembe. Alikuwa mtu mfupi, mtulivu, sijapata kumwona akiharakisha jambo. Hata siku ile hakuwaendea wao kwanza. Alinijia mimi, akaniuliza kwa Kifipa, polepole:

"Mwanangu, watu hawa unawajua?"

Nilimjibu kwa Kiswahili, lugha ambayo kwake hatukuitumia.

"Siwajui, baba."

"Tazama vizuri. Wametoka kwenu kambini?"

Nilifikiri nini? Nimejiuliza kwa miaka mingi. Nilifikiri kwamba dakika tano zikipita watakunywa na kuondoka. Nilifikiri habari ya dada yake mkuu wa kambi, yule Mwairishi. Nilifikiri juu ya barua, ambayo bado ilikuwa chini ya jiwe. Nilitazama chini nikasema tena, "Siwajui."

"Basi," alisema, akageuka, akampiga yule mnene kichwani kwa mpini.

Kofia ilipasuka ikadondoka. Chini yake ulionekana uso mwekundu uliolowa jasho, na damu ikishuka kutoka sikioni. Mwairishi aliyumba, akakaa chini katika vumbi, akaita kwa sauti ambayo vibarua arobaini waliijua:

"Karani! Ambia yeye! Ambia ni sisi!"

Wenzake walivua kofia zao. Uwanjani pale tulibaki wachache: hao watatu, mke wangu, shangazi, baba mkwe na mimi. Baba mkwe aliutazama mpini mkononi mwake. Kila mtu alijua maana ya Mwafrika kumpiga Mzungu. Wapo waliofungwa kwa kumjibu tu.

Hapa lazima niseme haki. Mwairishi aliinuka, akajifuta kwa leso, akasema ameteleza, ameangukia jiwe. Alirudia maneno hayo hayo kwa bwana shauri, afisa wa serikali wilayani, wiki iliyofuata, na kesi haikuwepo. Aliomba radhi kwa baba mkwe kwa kuinamisha kichwa, wakaondoka kwa miguu wakikokota nyasi zao kuelekea kilimani. Lakini saa ile hakuna aliyejua kwamba atasema hivyo.

Baba mkwe alisubiri hadi wakapotea.

"Mimi siamini mambo ya mumiani," alisema. "Nimebeba mizigo ya Wazungu hadi ziwani na damu yangu ninayo yote. Nilikuuliza kama ni watu au ni wezi. Ungesema ni wenzako, ningewapa pombe. Uliniacha nimpige bosi wako. Uliniacha niende jela kwa mtu unayemjua."

"Baba, ilikuwa mila yao. Ukiwataja..."

"Na mimi nilikuwa nani hapa? Nenda. Binti yangu anabaki."

Nilirudi baada ya wiki mbili na mshenga wangu, ambaye ni kaka wa marehemu baba yangu. Barua nilikuwa nayo mfukoni, yenye sahihi. Mwairishi aliitia Jumatatu iliyofuata harusi, kwa huruma nadhani. Nilimwonyesha baba mkwe. Niliisoma kwa sauti, nikaifasiri: nyumba, bati, vyumba viwili. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwulize mwenyewe."

Mke wangu alikuwa anatwanga. Hakuweka mchi chini.

"Shangazi anasema unaogopa," nilimwambia. "Sasa umejua walikuwa Wazungu tu. Hakuna cha kuogopa."

"Nani aliogopa?" alisema. "Kikapu changu umekisahau?"

Katika uchumba nilikuwa nimemsukia kikapu kidogo cha kuwekea nyuzi. Sikuelewa alichotaka kusema.

"Aliponishika mkono niliona ukingo wa nyasi. Umekunjwa mara mbili, umerudishwa ndani. Nilijua ni kazi yako kabla baba hajatoka nyuma ya nyumba. Nikakutazama, nikangoja useme."

"Kwa nini hukusema wewe?"

"Nilikuwa nimeshatia sahihi asubuhi kwamba wewe ni mume wangu. Nilitaka nikuone." Alitwanga mara tatu, nne. "Nikakuona."

Nilikwenda kwa padre. Alifungua kitabu, akanionyesha majina yetu, akasema ndoa ipo na haitavunjika hadi mmoja wetu afe. Alikwenda mwenyewe kuzungumza nao, mara mbili, akarudi amechoka. Baada ya mwaka na nusu mke wangu alifuatana na mtu mwingine kusini kwenye migodi ya shaba, bila kanisa. Alizaa huko. Mimi kitabuni bado ni mume wa mtu, na kwa hiyo sijaoa. Nimekaa katika nyumba ile ya vyumba viwili miaka kumi na moja, na chumba kimoja nimeweka vitabu.

Mwairishi alikwenda likizo kwao asirudi tena. Siku ya kuaga alinishika bega, akauliza, "Mama ya nyumbani hajambo? Mtoto bado?"

"Hajambo, bwana," nilisema.

Mwezi wa tatu baada ya harusi, mshenga alikuwa amekwisha kuniletea mahari niliyorudishiwa. Aliweka mezani vitu kimoja kimoja: majembe mawili, blanketi la mama mkwe, halijakunjuliwa, gauni jeupe, limefuliwa na kupigwa pasi. Ndani ya pindo niliona kipande cha nyasi kilichonusurika katika kufuliwa. Halafu fedha, shilingi mia moja na sitini kamili. Juu yake noti ya shilingi ishirini, imekunjwa mara nne.

"Hii ya nini?" niliuliza.

"Ile aliyowekewa binti mkononi siku ile. Baba yake anasema si yao. Ni ya watu wako."

Jioni hiyo nilifungua daftari nikafanya hesabu, maana ndivyo nilivyozoea. Nilichokitoa kwao kilirudi chote. Ambacho hakikurudi ni mchele, sukari, chumvi na majani ya chai ya siku ya sherehe, vilivyonunuliwa Sumbawanga kwa shilingi kumi na tatu na senti sitini. Nilitoa katika ile noti ya ishirini. Nilihakiki mara mbili. Katika harusi yangu sikupata hasara. Nilibaki na faida ya shilingi sita na senti arobaini.